Injini Moto Isiyotaka Kuwaka

Kutoka Mombasa hadi Tanga kwa njia ya anga ni kama kilomita 130. Kutoka Tanga hadi Unguja ni 120 hivi, na kutoka Unguja hadi Dar es Salaam hazifiki 80. Katika miaka ya 1930 kampuni ya Wilson Airways ya Nairobi ilipeleka barua na abiria katika mwambao huo kwa ndege ndogo zilizoundwa Uingereza. Kwa mwendo wa ndege kama Gipsy Moth, ambao haukuzidi sana kilomita 135 kwa saa, kuvuka mkondo wa Unguja ilikuwa safari ya nusu saa. Rubani anatua, anazima, mzigo unashushwa, mwingine unapakiwa. Halafu inabidi injini iwashwe tena, jua liko utosini na vyuma bado havishikiki.

Hapo ndipo shida ilipoanzia. Injini iliyowaka alfajiri kwa mzunguko mmoja wa propela ilikataa katakata saa sita mchana. Haikuwa imeharibika, tangi lilikuwa na mafuta, na plagi zilikuwa safi. Akisubiri saa nzima kivulini, rubani alirudi akaikuta imetulia na kuwaka kana kwamba hakuna lililotokea. Tatizo hili lina umri karibu sawa na ndege zenyewe, na namna mafundi walivyolielewa polepole ni sehemu ya historia ya urubani ambayo haisimuliwi vya kutosha, hasa Afrika Mashariki, ambako safari fupi, joto na nyanda za juu vilikutana mahali pamoja.

Uhasama wa joto na injini ya petroli ulionekana tangu siku za mwanzo kabisa. Injini ya ndugu Wright ya mwaka 1903, iliyojengwa na fundi wao Charles Taylor kwa muda wa wiki sita hivi, haikuwa na kabureta kama tunavyoijua leo. Petroli ilitiririka kwa uzito wake hadi kwenye uso wa chuma chenye moto, ikageuka mvuke na kuvutwa ndani pamoja na hewa. Ilipoanza kuzunguka ilitoa nguvu farasi 16, lakini baada ya muda mfupi zilishuka hadi 12, kwa kuwa hewa iliyoingia ilikuwa imeshapata joto na kupungua uzito. Injini ya kwanza kumrusha binadamu kwa ndege ilichoka kwa joto lake yenyewe kabla haijaondoka chini.

Kabureta yenye bakuli na boya ndiyo iliyoleta utaratibu. Boya huelea juu ya petroli. Kiwango kikishuka, sindano hufunguka na mafuta huingia. Kikipanda, sindano hufunga. Hewa inayopita kwa kasi kwenye koo jembamba la kabureta huvuta petroli kutoka kwenye jeti na kuichanganya. Ni kifaa rahisi kisichohitaji umeme, na kilitosha kuwafikisha marubani mabara ya mbali. Lakini kilibuniwa kwa dhana moja: kwamba petroli ndani ya bakuli itabaki kuwa kimiminika.

Mtu aliyeifanya ndege ndogo iwe ya watu wa kawaida, angalau wenye uwezo kidogo, alikuwa Geoffrey de Havilland. Ndege yake ya DH.60 Moth iliruka mara ya kwanza tarehe 22 Februari 1925. Injini yake, Cirrus, ilibuniwa na Frank Halford kwa kukata nusu ya injini ya silinda nane iliyobaki kwenye maghala ya Vita Kuu ya Kwanza. Masalia hayo yalipoanza kwisha, Halford alibuni injini mpya kabisa, Gipsy, yenye silinda nne na nguvu farasi karibu 100. Ndege iliyoibeba ikaitwa Gipsy Moth, na haikupita muda ikafika Nairobi. Florence Kerr Wilson alipoanzisha Wilson Airways mwaka 1929, akiwa na rubani Tom Campbell Black, kampuni ilianza na Gipsy Moth moja.

Kuiwasha ndege hiyo kulihitaji watu wawili. Rubani anakaa kwenye chumba chake, fundi au msaidizi anasimama mbele. Kwanza fundi anafungua kifuniko cha pembeni na kuweka kidole juu ya kipini kidogo kilichotokeza kwenye kabureta. Anakibonyeza, boya linazama, petroli inapanda hadi inamwagika na kudondoka chini ya ndege. Anafunga. Swichi zikiwa zimezimwa, anazungusha propela kwa mkono mara kadhaa ili silinda zivute mafuta. Kisha anatoa sauti, rubani anajibu, swichi zinawekwa. Fundi anashika ubapa wa propela kwa vidole bila kuukunjia dole gumba, anauvuta chini kwa nguvu, na kwa mwendo huohuo mwili wake unarudi nyuma. Mzaha wa aina yoyote hapo uligharimu mkono, au kichwa.

Huo ulikuwa utaratibu wa injini baridi, na ndio ambao wanafunzi waliukariri. Kwenye injini moto, kipini kile ndicho kilichokuwa adui. Aliyekibonyeza kwa mazoea aliongeza petroli mahali ambapo tayari ilikuwa imejaa, kisha akavuta propela hadi jasho likamwingia machoni, na kila alivyoongeza ndivyo alivyoiharibu hali zaidi.

Injini hizi hazina rejeta. Hupozwa na upepo. Propela ikizunguka, upepo unapita kati ya mapezi ya silinda na kuondoa joto. Injini ikizimwa, upepo unakatika papo hapo, lakini joto halikatiki. Vichwa vya silinda, ambavyo dakika chache zilizopita vilikuwa na nyuzi 150 au zaidi, vinaanza kugawa joto lake kwa kila kilicho jirani: mabomba ya mafuta, magneto inayozalisha cheche, bakuli la kabureta. Ndiyo maana kabureta huwa na joto kali zaidi muda fulani baada ya injini kuzimwa kuliko ilivyokuwa angani. Rubani aliyetua na kuwasha tena baada ya dakika tano mara nyingi hupona. Anayerudi baada ya nusu saa, ameshakunywa chai na kusaini karatasi, ndiye anayekuta balaa.

Petroli nayo ni mchanganyiko wa vimiminika vingi, na kila kimoja kina joto lake la kuchemka. Viwango vya sasa vya petroli ya ndege vinataka sehemu moja ya kumi iwe imegeuka mvuke kabla ya kufika nyuzi 75 za Selsiasi, na nusu yake kabla ya 105. Bila tabia hiyo injini isingewaka kwenye baridi ya Ulaya. Lakini ndani ya bakuli lililopashwa joto, sehemu nyepesi zinaanza kutokota. Povu la petroli linapanda kupitia jeti na kumwagika kwenye njia ya hewa. Kwenye Moth tangi lilikuwa katikati ya bawa la juu, mafuta yakishuka kwa uzito wake. Hivyo kila kilichochemka na kutoka kilijazwa tena. Kufikia wakati rubani anapanda, silinda zimejaa mvuke wa petroli na hewa haitoshi. Cheche inapiga lakini haina cha kushika. Injini imeshiba, naye anaidhania ina njaa.

Nyanda za juu zinazidisha jambo hilo. Uwanja wa Wilson wa Nairobi, ambao hadi mwaka 1962 uliitwa Nairobi West, uko karibu mita 1,690 juu ya usawa wa bahari. Huko mkandamizo wa hewa ni mdogo, na petroli huchemka kwa joto dogo kuliko Mombasa, kama maji yanavyochemka mapema Limuru. Pwani ina joto la hewa, bara lina wepesi wa hewa; rubani wa Wilson Airways alipata vyote viwili katika safari moja.

Dawa ya enzi za Moth ilikuwa ya kushangaza kwa asiyeijua: kuizungusha injini kinyumenyume. Swichi zilizimwa, throtoli, yaani mlango wa hewa wa kabureta, ikafunguliwa hadi mwisho, na fundi akaisukuma propela upande usio wake mara kadhaa. Pistoni zilitoa mvuke mzito kupitia njia ileile ulimoingilia, na hewa safi ikachukua nafasi yake. Baada ya hapo throtoli ilirudishwa karibu na kufungwa, kipini cha kabureta kikaachwa bila kuguswa, na propela ikavutwa kwa mwelekeo wake. Mara nyingi iliwaka. Hata hivyo kazi hiyo haikuwa salama asilani. Swichi ya magneto inapozimwa, kinachofanyika ni kuunganisha waya wake na mwili wa injini ili cheche isipige. Waya huo ukikatika, swichi inasoma "imezimwa" huku magneto iko hai. Na kwenye injini moto, chembe ya kaboni inayong'aa ndani ya silinda inaweza kuwasha petroli bila cheche yoyote. Mafundi wazuri waliishika propela ya injini moto kama iliyo tayari kuwaka, hata walipoambiwa swichi zimezimwa.

Ubunifu wa viwanda, kwa upande wake, ulikuwa ukiliongeza tatizo bila kukusudia. Kwenye Gipsy ya kwanza vichwa vya silinda vilisimama nje, juu ya boneti, vikipigwa na hewa hata ndege ikiwa imeegeshwa. Wateja walitaka mwendo na rubani aone mbele. Halford akaigeuza injini juu chini, silinda zikaning'inia chini ya mhimili, na Gipsy III ikafungiwa ndani ya pua nyembamba ya ndege kama Puss Moth. Ndege ilipendeza na kukimbia. Joto nalo likakosa pa kutokea. Uamuzi huo ulikuwa sahihi kwa anayeruka, na mzito kwa anayetua vituo vitano kwa siku.

Ipo njaa ya kweli pia, na historia ya Kenya ina mfano wake maarufu. Beryl Markham, aliyefundishwa urubani na Campbell Black na kufanya kazi ya kuruka katika koloni hilo, aliondoka Abingdon, Uingereza, tarehe 4 Septemba 1936 kuvuka Atlantiki kuelekea magharibi akiwa peke yake kwenye Vega Gull yenye injini ya Gipsy Six. Baada ya saa 21 hivi injini ilikosa mafuta kwa sababu barafu ilikuwa imeziba matundu ya hewa ya tangi, akaangukia kwenye majimaji ya kisiwa cha Cape Breton, Kanada, akatoka hai. Ukoo ni uleule wa injini, lakini kasoro ilikuwa kinyume kabisa na ile ya uwanja wenye jua. Ndiyo sababu fundi mwenye busara hakurukia dawa. Alianza na pua. Harufu nzito ya petroli, matone chini ya boneti, moshi mweusi injini inapokohoa: huko ni kushiba. Pasipo harufu wala tone, ndipo alipofuata bomba kutoka tangini.

Baada ya Vita Kuu ya Pili, ndege za Kimarekani zilishika nafasi. Piper Cub yenye injini ya Continental ya farasi 65 ilikuwa bado ya kuvutwa kwa mkono, na silinda zake zilitokeza nje pande zote mbili. Cessna 140 ya mwaka 1946 ilileta stata ya umeme kwa rubani wa kawaida, na Cessna 172 ya mwaka 1956 ikaja kuwa ndege iliyotengenezwa kwa wingi kuliko nyingine yoyote, zaidi ya 44,000. Stata iliondoa hatari ya propela kwa mkono. Iliondoa pia mtu aliyesimama mbele, mwenye pua na masikio, akamwacha rubani peke yake na kitufe.

Pamoja na stata ulikuja mkono wa mchanganyiko wa petroli na hewa, unaoweza kukata mafuta kabisa, na kwangu huu ndio uvumbuzi mkubwa zaidi katika historia ya jambo hili. Sasa injini iliyojaa ingeweza kusafishwa bila kuigeuza kinyume: mkono wa mchanganyiko unavutwa hadi mwisho, throtoli inafunguliwa yote, stata inapigwa. Injini inavuta hewa tupu, mchanganyiko unapungua uzito kidogo kidogo hadi unafika kiwango kinachowaka. Ikishika, mikono miwili inahama kwa wakati mmoja: throtoli inarudi, mchanganyiko unasogezwa mbele. Siku ya kwanza mwanafunzi huona ni kiini macho.

Lakini mazoea ya magari yaliingia nayo. Kabureta za Marvel-Schebler zilizofungwa kwenye injini nyingi za Continental na Lycoming zina pampu ndogo inayorusha petroli kila throtoli inaposukumwa. Dereva wa gari la kizamani alizoea kukanyaga mafuta mara tatu kabla ya kuwasha, na akiwa rubani hufanya vivyo hivyo kwa mkono. Kwenye Lycoming kama O-320 kabureta imefungwa chini ya bakuli la oili, na mabomba ya hewa yanapita ndani ya oili hiyo iliyo moto. Petroli inayorushwa juu pasipo hewa ya kuibeba hurudi chini na kudondokea kwenye kisanduku cha hewa. Injini ikipiga mlipuko wa kurudi nyuma, moto unashika hapo. Maelekezo ya siku zote katika hali hiyo ni kuendelea kupiga stata ili miali ivutwe ndani, huku mafuta yakikatwa. Kuacha na kukimbia mapema kumeunguza ndege nyingi zilizokuwa na uwezo wa kupona.

Magneto nayo ilikuwa na hila yake. Tangu Gottlob Honold wa kampuni ya Bosch alipokamilisha magneto ya msongo mkubwa mwaka 1902, ndege ndogo zilizokuja baadaye zimepata cheche bila betri: sumaku inazunguka, koili yenye maelfu ya mizunguko ya waya mwembamba inazalisha umeme. Utando unaotenganisha nyaya hizo huzeeka. Koili iliyochoka hufanya kazi ikiwa baridi, na ikipata joto umeme hupenya njia isiyo yake na cheche hupotea. Hapa ndipo mafundi wengi walipotezwa, kwa kuwa dalili zinafanana: injini inakataa ikiwa moto, inapoa, inawaka. Aliyejua kazi hakuridhika na kuona imewaka. Aliichunguza ikiwa bado moto. Kama kusafisha kwa throtoli wazi hakusaidii, na plagi iliyotolewa inaonekana kavu na haitoi cheche, tatizo si petroli.

Kuna pia kifaa kidogo chenye springi kati ya magneto na injini ambacho huishikilia magneto, kisha huiachia ghafla ili cheche iwe kali na ichelewe kidogo wakati wa kuwasha. Ukizungusha propela taratibu unakisikia: tak, kisha tak. Meno yake yakilika au yakishikwa na oili chafu, mlio unakosekana, cheche inapiga mapema, na propela inarusha teke.

Mwaka 1957, madaktari watatu, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha huduma ya madaktari warukao ambayo leo ni Amref. Kazi ya aina hiyo ndiyo mtihani halisi wa injini moto: kiwanja cha vumbi asubuhi, kliniki ya saa moja, kiwanja kingine, kliniki nyingine. Daktari Anne Spoerry, aliyeitwa Mama Daktari kutoka Lamu hadi Turkana, alirusha ndege mwenyewe kwa miongo mitatu. Katika maisha ya namna hiyo kugeuza pua ya ndege iuangalie upepo, kufungua milango midogo ya boneti na kuegesha kivulini ni sehemu ya tiba, sawa na kuweka chanjo kwenye barafu.

Mafuta yenyewe yalibadilika. Mwaka 1982 chama cha wapenda ndege cha Marekani, EAA, kilipata kibali cha kwanza cha kutumia petroli ya magari kwenye Cessna 150. Ilikuwa nafuu kubwa ya gharama, lakini mkandamizo wa mvuke wa petroli ya magari huweza kufika mara mbili ya ule wa petroli ya ndege, na hutokota mapema zaidi. Injini za kupuliza mafuta, kama ya Cessna 206, nazo hazikuleta ahueni kwenye joto. Mabomba yake membamba hupita juu ya silinda, petroli inageuka mvuke ndani yake, na pampu inabaki kusukuma mapovu. Marubani waliohama kutoka kabureta wakidhani wamekimbia tatizo walikuta jipya lililo gumu kuliko la kwanza. Kampuni ya Rotax ya Austria, iliyoleta injini ya 912 mwaka 1989 ikiwa na kabureta mbili, iliweka bomba la kurudisha mafuta tangini ili mvuke upate njia ya kutoka. Mwaka 2012 ikaleta 912 iS inayopimiwa mafuta na kompyuta.

Kabureta hazijaondoka. Katika viwanja vya Kenya na Tanzania bado zipo ndege za mafunzo na za doria zenye injini za Lycoming na Continental ambazo muundo wake haujabadilika sana tangu miaka ya 1950, na mchana wa saa nane bado zinagoma.

Lakini waliozihudumia injini hizo wamesahaulika. Tarehe 14 Mei 1931, Gipsy Moth ya mwindaji Denys Finch Hatton ilianguka Voi mara baada ya kuruka. Maisha ya Finch Hatton yameandikiwa vitabu. Aliyekufa pamoja naye kumbukumbu zimemhifadhi kwa jina moja tu, Kamau. Ndivyo ilivyo kwa karibu wote waliozungusha propela, kunusa kabureta na kusikiliza mlio wa magneto kwenye viwanja vya Nairobi, Kisumu, Tabora na Unguja kabla ya uhuru. Wapo mafundi wazee waliorithi ujuzi huo moja kwa moja kutoka kwao, na baadhi bado wanapita kwenye mabanda ya Wilson na Dodoma. Vyuo vya urubani na makumbusho yetu vina wajibu wa kukaa nao na kinasa sauti, kwa majina yao kamili, mwaka huu na si mwingine.